Kipanya Hakijui Kupiga Ngoma

Mhariri, naomba nafasi katika jarida la chama chetu nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limetugawanya tangu tuanze matayarisho ya Siku ya Kiswahili Duniani. Kama mjuavyo, siku hiyo huadhimishwa kila tarehe 7 Julai tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka wa 2021, nasi hapa Kyuso hatutaki kuachwa nyuma. Mashairi yapo, ngonjera zipo, na waigizaji wapo wa kumwaga. Kinachotushinda ni muziki wa kusindikiza mashairi. Je, muziki uliopigwa kwa ala za kompyuta tuukubali au tuukatae?

Wenzangu wamegawanyika makundi mawili kama maji na mafuta. Kundi la kwanza linasema kwamba ala za kompyuta ni bandia kama maua ya plastiki, na ati heri tupige madawati na makofi kuliko kuaibisha utamaduni wetu mbele ya wageni. Kundi la pili linasema hii ni karne ya dijitali: mtu atafute biti iliyo tayari kwenye intaneti, au achore noti kwa kipanya, dakika kumi kazi imekwisha, twende nyumbani. Mikutano miwili imekwisha kwa kelele, na Katibu bado hajui aandike nini katika kumbukumbu.

Mimi siko katika kundi lolote kati ya hayo. Naona kwamba ala ya kompyuta ni ala kamili, mradi kuwe na mtu aliyeipiga kwa mkono wake, na rekodi iachwe jinsi alivyoipiga. Hapo ndipo nitakapotofautiana na wote wawili, kwa hivyo nawaomba subira.

Kwanza wacha nieleze kitu chenyewe, maana wapo miongoni mwetu ambao hawajaingia maabara ya kompyuta ila siku ya zamu ya kufagia. Katika programu ya kutengeneza muziki kuna ngoma, gita, besi, zumari na ala nyingine chungu nzima, lakini zote zimo ndani ya programu. Unaunganisha kinanda na kompyuta kwa kebo. Ukibonyeza kitufe, kinanda hakipeleki sauti. Kinapeleka habari: kitufe gani kimebonyezwa, saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiliwa lini. Lugha inayotumika kupeleka habari hizo inaitwa MIDI. Watengenezaji wa vinanda waliiafiki mwaka wa 1983 na mpaka leo inatumika. Nguvu ya kidole huandikwa kwa hesabu, kutoka 1 kwa mguso mwepesi mno hadi 127 kwa pigo la hasira.

Sasa tazameni jambo hili, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Ukirekodi ngoma kwa maikrofoni unapata sauti ya ngoma, pamoja na jogoo wa jirani na pikipiki ya anayepita. Ukirekodi ala ya programu unapata kitendo cha mkono chenyewe. Baada ya kurekodi unaweza kubadilisha ngoma iwe marimba, na marimba iwe gita, lakini mkono utabaki kuwa ule ule, na mwenye kuujua atautambua. Ni kama mtu unayemjua kwa mwendo wake akiwa mbali, hata akibadilisha shati.

Nikirudi kwa kundi la kwanza, hawa wanaosema ni bandia, nina swali moja. Kwani gita la umeme ni mti wa porini? Benga ya Kikamba tunayojivunia, ambayo redio za kwetu hupiga tangu jua likichomoza, imepigwa kwa magita ya umeme tangu wazazi wetu hawajazaliwa. Marehemu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walipiga magita hayo. Tena Kakai, ambaye alifariki mwaka wa 1987, aliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili, na ndiyo sababu moja alisikika mbali kupita Ukambani. Wanachama wa Chama cha Kiswahili tungepaswa kumtaja kila mwaka. Hakuna mzee wa hapa anayesema nyimbo za Kakai ni bandia kwa sababu ya waya.

Aidha, tutazame wenzetu wa pwani na visiwani. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka wa 1905, na taarab yake ni ya fidla, ganuni na udi. Katika miaka ya 1990 vikatokea vikundi vya taarab ya kisasa kama East African Melody, na vinanda vya umeme vikashika nafasi ya fidla na ala nyingi nyingine. Wapenzi wa taarab asilia walilalamika, na baadhi yao wanalalamika hadi leo. Lakini vinanda vile havikujipiga. Aliyekaa nyuma ya kinanda ni mtu aliyekulia ndani ya taarab, vidole vyake vikijua mahali fidla ingevuta na mahali ingekata. Taarab ilihama ala lakini mkono ukabaki. Kwa hivyo nawaomba wenzangu wa kundi la kwanza waache kuitazama ala, wautazame mkono.

Kwa kundi la pili nina maneno mengi zaidi, nao wasikasirike kwa kuwa wengi wao ni marafiki zangu na tunatembea pamoja jioni tukienda nyumbani.

Kuchora noti kwa kipanya ni hivi. Programu inakuonyesha karatasi yenye mistari kama ya hesabu. Kila unapobofya, noti inakaa juu ya mstari barabara, na isipokuwa ukae urekebishe moja moja, kila noti inapewa nguvu ile ile. Noti mia moja, nguvu moja. Ebu fikirieni mtu akisoma shairi akatamka kila silabi kwa sauti moja na urefu mmoja, bila kupanda wala kushuka. Mwalimu wetu angemkatiza kabla ya kufika ubeti wa pili! Mbona basi katika muziki tunaukubali usomaji wa aina hiyo?

Hao waliozoea kuchora watanijibu kwamba wao wanapiga kwa mkono halafu wanarekebisha. Hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa zaidi, yaani kile kitufe cha kunyoosha, ambacho wenye studio hukiita kwantaizi. Ukikibofya, programu inachukua kila noti uliyopiga na kuivuta hadi kwenye mstari ulio karibu. Ulikawia kidogo, unavutwa mbele. Uliwahi, unarudishwa nyuma. Watu hukibofya kama wanaosugua meno, bila hata kusikiliza kwanza.

Wacha tufanye hesabu, na walimu wa hisabati wanisahihishe. Chukueni wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Mara nyingi mistari ya programu huwekwa igawanye pigo mara nne, kwa hivyo kuna mstari kila milisekunde 125. Sasa nyimbo nyingi tulizozisikia utotoni huenda tatu-tatu. Mpigaji akiligawa pigo lake mara tatu, mkono utaanguka mwanzoni, kisha kwenye milisekunde 167, kisha 333. Bofya kile kitufe. Pigo la 167 linavutwa hadi 125, na la 333 linasukumwa hadi 375. Mwendo uliokuwa sawa, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, unageuka wa kuchechemea. Kweli, programu ina mistari ya tatu-tatu pia, lakini sharti mtu ajue kuichagua, na hata akiichagua bado atafuta vile vikawio vidogo ambavyo ndivyo utamu wenyewe.

Haya siyasemi kwa kusikia. Mwaka jana wanachama watatu, nami nikiwemo, tulipeleka wimbo wetu katika studio fulani ambayo sitaitaja. Tulikuwa na wathi ambao nyanya yangu huimba, na mdundo wake nilikuwa nimejifunza kwake muda wa likizo nzima, yeye akipiga kitako cha debe na mimi nikimfuata. Studioni niliupiga kwa kinanda, mara nne, mpaka nikaupata. Prodyuza, ambaye kwa haki ni mtu mkarimu, alibofya kitufe kabla sijaondoa vidole. Nikamwomba arudishe. Akaniambia hiyo ni kazi safi sasa, watu wa redio hawapendi mambo ya kuyumbayumba. Aliyotuhifadhia ni ile iliyonyooshwa pekee. Niliporudi nyumbani nikamwekea nyanya simuni, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akaniuliza, "Huyu aliyepiga amewahi kutwanga muthokoi kweli?"

Wageni wakisoma jarida hili wajue kwamba muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa maganda, chakula chetu sisi Wakamba. Wanawake wawili au watatu hutwanga kinu kimoja kwa zamu, michi ikipishana hewani. Hakuna anayehesabu. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake, huyu anachelewa kidogo mkono ukichoka, yule anamngoja, na kwa kungojana huko ndiko mwendo unakozaliwa. Nyanya hakuwa anatania. Alisikia kwamba ule mdundo hauna mtu anayemngoja mtu.

Najua nitakayojibiwa, na jibu lenyewe ni zuri, kwa hivyo nalileta mimi mwenyewe. Kuna muziki wa singeli wa Dar es Salaam. Vijana wa mitaani wenye kompyuta za bei nafuu hukata vipande vya taarab na nyimbo nyingine, wakavirudia na kuvikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka wa 2017 ilitoka albamu inayoitwa Sounds of Sisso, ya studio ya Sisso ya huko huko Dar, na singeli ikasikilizwa hata Ulaya. Vipande vya kurudiarudia, mashine kila mahali, na bado mtu hawezi kusema singeli haina uhai. Je, hoja yangu imevunjika?

Nimeifikiria sana na naona haijavunjika, ingawa imepata ufa. Wenyeji wa singeli wanaitaka ile mbio ya mashine. Wameichagua, wameipalilia, ni yao kama shairi huru lilivyo la mshairi aliyezijua arudhi kisha akaziacha. Sisi tunaobofya kitufe hapa kwetu hatujachagua chochote. Kitufe kimetuchagulia. Mtu akija mbele ya chama aseme, nimeunyoosha wimbo huu kwa sababu hii na hii, nitampigia makofi. Sijampata bado.

Isitoshe, hata huko zilikotoka mashine hizi si wote waliozitii. Mwaka wa 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya ngoma iliyoitwa LM-1, yenye sauti za ngoma halisi ndani yake. Ilikuwa na uwezo wa kunyoosha mapigo, lakini pia na uwezo wa kuyayumbisha, kwani alijua ngoma iliyonyooka mno haichezeki. Baadaye kijana wa Detroit, J Dilla, ambaye alifariki mwaka wa 2006, akawa mashuhuri kwa kupiga ngoma za mashine kwa vidole vyake, zikichelewa na kuwahi apendavyo. Mashine yake ya MPC imewekwa katika jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, mjini Washington. Alikuwa na kitufe kile kile walicho nacho wote. Hakukiacha kimtawale.

Basi kuna wale watakaosema, wewe unajua kinanda kidogo, sisi je, tusiojua hata kitufe cha kwanza? Hili ndilo gumu kweli kweli na silichukui kwa wepesi. Shule yetu ni ya kutwa. Wengi wetu hatuna kinanda nyumbani, na wengine hata umeme hawana. Lakini hakuna aliyesema mtu mmoja apige kila kitu. Uzuri wa kurekodi kwa programu ni kwamba mnaweza kupanga ala juu ya ala. Leo mmoja apige ngoma peke yake kwa vitufe viwili, kile cha pigo zito na kile cha jepesi. Kesho mwingine asikilize ile ngoma apige besi ya noti tatu. Wa tatu alete kayamba. Mtu anayeweza kupiga meza kwa vidole wakati mwalimu hajaingia darasani, na sote tunawajua, anaweza kupiga kitufe.

Kuna pia ujanja wa kupunguza mwendo. Kwa kuwa kilichorekodiwa ni habari tu na si sauti, unaweza kupiga polepole kwa mapigo 80, kisha ukaiambia programu icheze kwa 120, na sauti haitakuwa nyembamba kama ya kanda iliyokimbizwa. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne anashikilia kwamba huo ni udanganyifu kama wa mtihani. Mimi sidhani ni udanganyifu, lakini una hasara yake. Ukichelewa milisekunde 30 kwa mwendo wa polepole, ukikimbizwa inabaki 20, yaani hata vikawio vyako vinabanwa. Nyama ipo lakini imekauka. Mtu aanze polepole kwa kujifunza, halafu siku ya kurekodi apige kwa mwendo wenyewe.

Mambo ya vifaa nitayapitia haraka. FL Studio, ambayo kila mtu anaitaja, ilitoka Ubelgiji mwaka wa 1997 ikiitwa FruityLoops, nayo ni ya kununua. Toleo la kujaribu linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena hadi ulipe, na ndiyo sababu watu hukimbilia nakala za wizi na kuleta virusi shuleni kwa flashi zao. LMMS ni ya bure, inakubali kinanda cha MIDI, na kompyuta zetu kuukuu zinaweza kuibeba. Herufi za kibodi ya kompyuta pia zinaweza kutumika kama vitufe vya kinanda, ila hazipimi nguvu. Herufi Z haijui kama umeikasirikia au umeibembeleza. Kwa hivyo kinanda cha kweli chenye tundu la USB tunakihitaji, hata kikiwa kidogo.

Kuna tatizo moja linalowakatisha tamaa wengi bila wao kulijua, nalo ni kuchelewa kwa sauti. Umebonyeza sasa, sauti inatoka baadaye, unadhani wewe ndiwe huna kipaji. Kumbe ni kompyuta. Programu hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuitoa kwenye spika. Sauti ikiwa ya vipimo 44,100 kwa sekunde, fungu la vipimo 2,048 linachelewesha milisekunde 46. Hapo hata mpigaji hodari atapotea. Ukilipunguza hadi 256 inakuwa chini ya 6, na sikio halisumbuki. Kompyuta dhaifu ikianza kukwaruza, panda kidogo hadi 512, funga programu nyingine zote, kisha jaribu tena. Kwenye Windows wengi hutumia ASIO4ALL, ambayo pia ni ya bure, kwa kazi hii. Na jameni, hifadhini kila baada ya dakika chache, maana stima ya Kyuso mnaijua.

Halafu ile mashine ya kuhesabia mwendo, metronomu. Iacheni ihesabu mapigo manne kabla ya kuanza, ili msianze kwa kushtuka. Wengine wanaikataa kabisa wakisema ni kitufe cha kunyoosha kwa jina jingine. Siafikiani nao. Metronomu ni kama kengele ya shule, inakuambia wakati lakini haikubebi mgongoni. Wimbo unaopanda na kushuka mwendo wenyewe, kama zile nyimbo za kuitikiana, upigwe bila metronomu, na programu haitakufa.

Nataka kuwa wa haki kwa kundi la kwanza katika jambo moja. Kuna vitu ambavyo kinanda hakivijui. Kiganja kinachoteleza juu ya ngozi ya ngoma, kidole kinachobana ngozi ili sauti ipande, yote hayo kinanda cha kawaida hakiyaandiki. Kinajua umebonyeza au umeachilia, na kwa nguvu gani, basi. Kwa hivyo mtu akisema ngoma ya ngozi isiondoke jukwaani, naunga mkono kwa mikono miwili. Siku ya tarehe 7 Julai tungeweza kuwa na ngoma moja ya kweli mbele na ala za programu nyuma, na hapo ndipo mtajua kwa nini nakataa kunyoosha: ngoma ya kweli ikikutana na biti iliyonyooshwa zinagombana kama michi miwili inayoanguka pamoja. Moja itanyamaza, na siku zote huwa ni ile ya ngozi, kwa kuwa mashine haisikilizi mtu.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Wanaojua midundo hii ni wazee. Nyanya zetu wanajua za mavuno, za kubembeleza watoto, za kutwangia, na wengine wanajua hata kilumi. Najua nikitaja kilumi kuna walimu watakaokunja uso, na wachungaji pia, kwa kuwa ni ngoma ya pepo na ya kuomba mvua. Sitaki vita na mtu, tena kilumi si kitu cha kupigwa ovyo hata kwa wenyewe wanaokiheshimu. Tukiache. Zilizobaki ni nyingi. Mzee mmoja akiondoka, mkono wake unaondoka, na video ya simu inayotikisika huku watu wakipiga vigelegele haitamfundisha mtu mwaka wa 2060 kidole kilianguka wapi. Rekodi ya MIDI isiyonyooshwa itamfundisha, kwani ataweza kuipunguza mwendo, kuitazama pigo kwa pigo, na kuifuata. Tena ni ndogo mno. Wimbo wa dakika tatu uliorekodiwa kwa sauti kamili isiyobanwa unachukua karibu megabaiti 32, lakini habari za vidole vya wimbo huo huo huwa kilobaiti chache tu, unazituma kwa simu bila kumaliza bando. Afadhali tuwe na vyote viwili, sauti ya nyanya kwa maikrofoni na mkono wa mjukuu aliyejifunza kwake kwa kinanda.

Kwa hivyo naleta pendekezo mbele ya kamati ya chama, nalo lijadiliwe kabla ya muhula kufungwa. Muziki wowote wa kompyuta utakaosindikiza shairi au ngonjera uwe umepigwa na mwanafunzi wa shule hii, kila ala kwa mkono, mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubeti. Akikosea, arudie ubeti huo kwa mkono, asiuchore. Biti za kuchukuliwa kwenye intaneti zisikubaliwe, hata zikiwa tamu namna gani. Anayetaka kunyoosha aje aeleze sababu mbele ya wanachama. Na faili ya awali, ile ya kwanza kabisa kabla ya kuguswa, ihifadhiwe katika kompyuta ya chama pamoja na jina la aliyepiga na jina la mzee aliyemfundisha, kama mzee mwenyewe atakubali jina lake liandikwe.

Ninalomwomba Mwalimu Mlezi ni dogo. Maabara hufungwa saa kumi, na sisi tunaotoka mbali hatuwezi kungoja zaidi maana giza linatukuta njiani. Tupewe saa ya chakula cha mchana kila Ijumaa, na mwalimu mmoja wa kushika ufunguo. Kinanda chenye tundu la USB nimeahidiwa na kanisa letu, mradi kirudi Jumamosi jioni kabla ya mazoezi ya kwaya. Kebo ndiyo hatuna.